Sheria ya 1945 Haikuandikwa kwa Ajili ya Bampa Lako

Wasee, leo tubonge kuhusu kitu ambacho kila mwenye gari anacho na karibu hakuna aliyekisoma: thadi pati.

Uliza dere yeyote wa teksi ya app hapa Nairobi thadi pati ni nini. Atakwambia, "Ni bima. Ukinigonga, kampuni yako inanitengenezea gari." Uliza mwenye Probox ya kubeba mboga kutoka Wakulima, atakujibu hivyo hivyo.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria inayolazimisha gari kuwa na bima ndipo liingie barabarani ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, na ni ya mwaka 1945. Inachotaka ni kwamba mwenye gari awe na bima ya kulipa mtu aliyekufa au kuumia kwa sababu ya gari hilo. Kifo na majeraha, basi. Bampa, taa, buti, mlango, rejeta, vyote havimo. Kama jamaa aliyekugonga amenunua tu kile ambacho sheria inamlazimisha kununua, mwili wako umelindwa. Gari lako halijalindwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sheria sikuwa nasomea, kwa hivyo usinichukulie kama wakili. Lakini Sura ya 405 iko wazi kwa kila mtu na si ndefu. Na ukiisoma pamoja na historia yake, unaanza kuelewa ule mchezo wa "leta kumi tumalizane hapa hapa" unaouona kila jioni Outering na Thika Road. Watu husema ni tabia ya Wakenya kukwepa utaratibu. Mimi nasema kuna pengo kwenye sheria, lina miaka zaidi ya 80, na sisi tumejifunza kuishi ndani yake.

Ilianza na miguu ya watu

Tuanzie London. Tarehe 17 Agosti 1896, mama mmoja anaitwa Bridget Driscoll alikuwa kwenye uwanja wa Crystal Palace na binti yake. Gari likamgonga, akafa. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa kwanza anayetembea kwa miguu kuuawa na gari la petroli Uingereza.

Miaka thelathini na kidogo baadaye, Uingereza ilikuwa na magari zaidi ya milioni 2, na watu zaidi ya 7,000 walikuwa wanakufa barabarani kila mwaka. Hapo tatizo la pesa likaonekana vizuri. Unagongwa, unavunjika mguu, unaenda kortini, unashinda. Halafu unagundua aliyekugonga hana kitu. Hukumu unayo, pesa huna.

Massachusetts kule Marekani ndio walitangulia kulazimisha bima ya gari, kuanzia 1927. New Zealand wakapitisha sheria yao 1928. Uingereza ikafuata na sheria ya barabara ya mwaka 1930. Wazo lilikuwa moja: kabla hujawasha gari, hakikisha kuna mfuko nyuma yako utakaomlipa mtu utakayemuumiza.

Sheria hiyo ya 1930 ililazimisha bima ya kifo na majeraha. Mali iliachwa nje. Nikiangalia wakati ule, naelewa kwa nini. Gari lilikuwa kitu cha mwenye uwezo. Mwenye gari akipondwa mlango, ana pesa ya kutengeneza, au anajinunulia bima yake kamili. Anayetembea kwa miguu ndiye hana pa kukimbilia. Ukilazimika kuchagua mmoja wa kulinda, unamchagua yeye.

Ikapanda meli ikaja Kenya

Mwaka 1945 Kenya ilikuwa koloni la Uingereza, na sheria yetu ya bima ya magari ikaja na mifupa ile ile: kifo na majeraha.

Hebu fikiria nani alikuwa na gari Kenya ya wakati huo. Masetla, maofisa wa serikali, wafanyabiashara. Wengine wote walikuwa wanatembea. Kwa nchi kama hiyo, sheria ilikuwa na maana. Na niseme ukweli, sehemu hiyo bado ina maana. Mama akigongwa akivuka barabara Githurai, hiyo sheria ya 1945 ndiyo inayomfanya aweze kulipwa na kampuni hata kama dere hana hata bob. Kuna kikomo, shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, lakini kuna kitu.

Shida ni kwamba Kenya ilibadilika na sentensi haikubadilika. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila zile leseni za magari ya umma. Kuanzia hapo gari likaingia kwa maisha ya mtu wa kawaida kama kazi. Leo Vitz ni shamba la mtu. Pikipiki ni duka la mtu. Kwa dere wa app mwenye mkopo wa gari, siku tano gereji ni siku tano bila kuingiza kitu, na mkopo haupumziki. Huyo ukimwambia mwili wake uko salama na bati ndilo limeumia, haoni tofauti kubwa.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Uingereza walirekebisha kwao. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo, na kufikia mwisho wa 1988 bima ya lazima kule ikawa inashughulikia pia uharibifu wa mali ya mtu mwingine. Iliwachukua miaka 58, lakini walifika. Sisi tulichukua wazo la 1930, la 1988 hatukulichukua. Na usiseme Bunge halijawahi kuigusa hiyo sheria. Mwaka 2013 kulikuwa na marekebisho makubwa kuhusu kiasi cha fidia kwa walioumia, mpaka mawakili wakaenda kortini kuyapinga. Walizungumza sana kuhusu mkono unalipwa ngapi na mguu unalipwa ngapi. Bati halikupata nafasi.

Ngoja, kuna jambo la haki niseme. Kampuni nyingi za bima hapa huongeza uharibifu wa mali ya mtu mwingine kwenye thadi pati zao, na kikomo cha pesa kikiwa kimeandikwa kwenye sera. Kwa hivyo kuna watu wengi wanagongwa na wanatengenezewa. Lakini hiyo ni mkataba kati ya yule aliyekugonga na kampuni yake. Wewe hukuwepo wakikubaliana. Kikomo ni chao, masharti ni yao, na kama amekosea sharti moja, wewe ndiye unazungushwa.

Bima bila kampuni

Hata pale karatasi inaposema utalipwa, historia yetu ina sura nyingine mbaya: kampuni zenyewe zilikuwa zinaanguka.

Kenya National Assurance, kampuni ya serikali, ilianguka 1996. United Insurance, iliyokuwa imebeba matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, kinachofuata mara nyingi ni amri ya kusimamisha malipo. Maana yake kwa mtu wa mtaa ni rahisi. Jana stika kwenye kioo cha matatu ilikuwa ahadi. Leo ni karatasi. Matatu bado inatembea, wewe uliyegongwa wiki iliyopita unaambiwa usubiri, na mwenye matatu naye anaweza kujikuta anadaiwa yeye mwenyewe deni ambalo alishalipia bima.

Serikali ilijaribu kuziba. Sheria ya Bima ya 1984 ilianza kazi 1987 na ikaleta usimamizi wa karibu zaidi. Mwaka 2007 Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ikaanza kujisimamia kama taasisi yake. Mwaka 2020 cheti cha bima kikaingia kwa simu, kikawa cha kidijitali, na hiyo imesaidia sana dhidi ya stika feki. Lakini cheti cha kidijitali kinakuambia bima ni ya kweli. Hakikuambii kampuni ina nguvu ya kulipa.

Mtu aliyekulia kwenye historia hiyo, akisikia "kampuni italipa," anacheka. Wazazi wetu walifundishwa na 1996 na 2005. Sisi tumefundishwa na wazazi wetu.

Watu wa nyundo

Wakati karatasi zinaanguka, kuna watu walikuwa wanafanya kazi. Nenda Grogan pale Kirinyaga Road. Hiyo barabara zamani ilikuwa na jina la Ewart Grogan, setla tajiri aliyekuwa na ardhi huko kando ya Mto Nairobi. Jina la setla limebaki mdomoni mwa watu wanaouza saidi mira, taa za nyuma na bonneti za magari ya Japani. Nenda Kariobangi Light Industries, utapata fundi anayenyoosha bodi kwa nyundo na mwingine anapiga rangi, na kesho kutwa gari lako liko barabarani. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji wakifanya kazi kwenye jua, akaahidi wajengewe vibanda, na tangu hapo jua kali ikaanza kuheshimiwa na serikali kama sekta.

Kwa hivyo Kenya ilijenga njia mbili za kutengeneza gari lililogongwa. Njia ya karatasi ina abstrakti ya polisi, asesa, na gereji zilizo kwenye orodha ya kampuni. Njia ya nyundo ina simu, M-Pesa na fundi. Ya kwanza ni ndefu. Ya pili ni ya leo leo. Mtu anayekula kutokana na gari atachagua ya leo leo, na simlaumu.

Lakini njia ya nyundo ina mtego wake. Binamu yangu anaendesha teksi ya app. Mwaka jana alikuwa kwenye foleni, jamaa na Prado akamgonga nyuma. Jamaa akashuka mpole kabisa, suti, "pole bro, pole sana." Bampa limepasuka, buti limeingia kidogo. Wakakubaliana thao kumi na mbili, pesa ikaingia kwa simu, na jamaa akaomba waandike kwa karatasi kwamba wamemalizana kabisa. Binamu akaweka sahihi. Kesho yake fundi akatoa bampa, akamuita: "Kuja uone." Chuma cha ndani kilikuwa kimepinda, na sakafu ya buti pia. Bei ya fundi ilikuwa mara nne ya ile pesa. Akampigia jamaa. Jamaa akamjibu, kwa upole ule ule, kwamba karatasi anayo.

Ona nani alijua thamani ya karatasi hapo.

Pesa inavyotembea ukifuata karatasi

Sasa tuseme umeamua kufuata utaratibu. Haya ndiyo mambo ambayo wakala hakuambii siku anakuuzia.

Kwanza, pale barabarani. Sheria ya Trafiki inamtaka dere asimame, atoe jina, anwani na namba ya gari, na kama hajafanya hivyo aripoti polisi ndani ya saa 24. Piga picha magari yote mawili kabla hayajasogezwa, na namba zake, na cheti cha bima cha mwenzako. Halafu chunga mdomo. Sera nyingi za bima zina sharti kwamba usikubali kosa wala kuahidi malipo bila ruhusa ya kampuni. Ile "pole bro, nitakulipa" yako inaweza kugeuka sababu ya kampuni yako kukukatalia.

Pili, abstrakti ya polisi. Bila hiyo madai yako hayasongi. Ni karatasi inayosema ajali ilitokea wapi, lini, magari gani, na nani anachunguzwa. Isome kabla hujatoka kituoni. Namba ya gari ikikosewa herufi moja, utarudi.

Tatu, asesa. Kampuni inamtuma aangalie gari na aandike kinachohitaji kutengenezwa na kwa bei gani. Usianze kutengeneza kabla hajaona. Na kama fundi akifungua apate uharibifu mwingine ndani, asesa arudi aone. Binamu yangu angekuwa na asesa, kile chuma kingeandikwa.

Nne, kama una bima kamili, kuna eksesi. Hiyo ni sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Mara nyingi huwekwa kama asilimia ya thamani ya gari, na kiwango cha chini kabisa. Gari la shilingi 1,000,000 na eksesi ya asilimia 2.5, unatoa 25,000 kwanza. Na kama wewe ni dere mchanga au leseni yako ni mpya, sera nyingi hukuongezea eksesi nyingine juu. Sisi wa miaka ishirini na kidogo, hiyo ni yetu.

Tano, thamani uliyoandikisha. Watu hupunguza thamani ya gari ili walipe bima kidogo. Gari la 1,200,000 unaandika 600,000. Ukigongwa hasara ya 200,000, kampuni inaweza kusema umekata bima ya nusu ya gari, basi inakulipa nusu: 100,000, na eksesi bado haijatolewa. Hapo si wizi. Iko kwenye sera, ukurasa ambao hukufungua.

Sita, ile fomu ya mwisho ya kukubali kazi au malipo. Ukiiweka sahihi unasema umeridhika. Endesha gari kwanza. Angalia rangi ukiwa kwenye jua. Funga na ufungue milango.

Na kama ulitumia bima yako kamili wakati kosa ni la mwingine, kampuni yako ikishakulipa inachukua nafasi yako na kumdai yule aliyegonga au kampuni yake. Ndiyo maana ile karatasi ya "tumemalizana" ni hatari zaidi ya unavyodhani. Ukishasamehe barabarani, umesamehe pia kwa niaba ya kampuni yako, na hilo hawatalipenda.

Mlango uliofunguliwa 2021

Kuna sehemu moja ya hii historia inayonipa moyo, na vijana wengi hawaijui.

Zamani, aliyekugonga akikataa kulipa 80,000, ungeenda kortini na wakili, na wakili peke yake angekula hiyo 80,000. Kwa hivyo madeni madogo yalikuwa yanakufa. Aliyekugonga alijua. Alikuwa anakwambia "nenda kortini" huku anacheka.

Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya Korti ya Madai Madogo, na 2021 korti yenyewe ikaanza kazi Milimani kabla ya kusambaa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Uharibifu wa mali uko ndani. Unaweza kujisimamia bila wakili. Na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Wengi wetu hatujawahi kufikiria bampa linaweza kwenda kortini. Linaweza. Unahitaji picha, abstrakti, risiti za fundi, na usikae mpaka miaka 3 ipite, kwa sababu baada ya hapo dai la namna hii linazimika.

Kama shida ni kampuni yako ya bima inakuzungusha, Sheria ya Bima inaipa siku 90 kulipa tangu uliporipoti. Zikipita, peleka malalamiko IRA kwa maandishi.

Kinachobaki

Mambo yote niliyosema hapo juu ni ya mtu kujitetea. Ni sawa, lakini hayatoshi. Dere anayelala saa saba usiku hapaswi kujua sheria kuliko mtu wa Prado ndipo atendewe haki.

Suluhisho liko sentensi moja mbali. Sura ya 405 inasema kifo na majeraha. Inaweza kusema kifo, majeraha, na uharibifu wa mali hadi kiasi fulani. Kuna watakaosema thadi pati itapanda bei, na huenda ikapanda kidogo, huo mjadala tuwe nao hadharani. Lakini tuwe nao tukijua kwamba hata leo hiyo gharama inalipwa. Analipa yule aliyegongwa, kidogo kidogo, kwa fundi, bila risiti.

Mwaka 1945 walioandika hiyo sheria walikuwa na nchi ambayo gari ni anasa. Hiyo nchi haipo tena. Mwaka ujao wanasiasa watakuja mtaani kuomba kura na watashuka kwa magari yenye bima kamili. Waulize kuhusu bampa lako.